Tajiri, Umeikagua Pini ya Mashine Yako?

Ushetu hatuna ziwa. Tuna tumbaku ya Ulowa, mpunga wa mbugani, ng'ombe, na vijana ambao mguu mmoja uko shambani na mwingine uko duarani, kwenye machimbo ya Kahama na Geita. Lakini ziwa limeshaingia majumbani mwetu. Limeingia na kisado cha dagaa gulioni, limeingia na sangara wa kukaanga, na kwa baadhi yetu limeingia kama mradi. Mtu ameuza tumbaku vizuri, au duara limetoa, anapanda gari kupitia Kahama hadi Geita, anateremka mwaloni Nkome au anaendelea mpaka Kasenda kule Chato, na anarudi nyumbani akiwa mwenye boti. Mwaloni wanamwita tajiri, hata kama nyumbani ameacha deni.

Tajiri wa namna hii anajua mambo mengi. Atakutajia bei ya mashine, bei ya nyavu, bei ya barafu, na petroli inayokwisha kila usiku. Muulize pini ya mwinamo wa mashine yake iko tundu la ngapi, atakuangalia tu. Na boti ikilalamikiwa kwamba haiendi, wazo lake la kwanza ni kununua mashine kubwa zaidi. Mara nyingi nguvu si tatizo. Tatizo liko kwenye fimbo fupi ya chuma ambayo kuihamisha hakugharimu hata shilingi, lakini ikihamishwa vibaya, au mashine ikiwa inaunguruma, inaweza kukata vidole au kumtupa mtu majini.

Tuanze na kitu chenyewe. Mashine ya boti hufungwa kwenye ubao wa nyuma, na mguu wake huteremka majini ukiwa umebeba propela, ile ambayo vitabu vya shule huiita rafadha. Mguu huo unaweza kusimama wima, unaweza kuingia ndani kuelekea boti, au kutoka nje kuelekea nyuma. Hali hiyo ya kuingia na kutoka ndiyo mwinamo wa mashine. Mafundi huiita trimu.

Mkulima aliyewahi kufunga plau hahitaji darasa refu hapa. Ncha ya plau ikielekea chini mno, plau linazama, ng'ombe wanavuta kwa shida na shamba haliendi. Ncha ikiinuka mno, linaparuza juu ya udongo na kurukaruka. Ng'ombe ni walewale, shamba ni lilelile. Kilichobadilika ni pembe. Mashine ya boti ni vivyo hivyo. Mguu ukiingia ndani, propela inasukuma maji nyuma na chini kidogo, sehemu ya nyuma ya boti inanyanyuka, na pua inabonyea. Mguu ukitoka nje, nyuma inabonyezwa na pua inapaa. Katikati kuna mahali ambapo boti inakaa vizuri, maji yanapita chini yake bila kelele nyingi, na mkono wa nahodha hauchoki.

Elimu hii imeandikwa sana Marekani, kwa ajili ya boti za kuvulia bass, samaki ambaye Wakenya wanamjua kwa kuwa alipandikizwa Ziwa Naivasha tangu miaka ya 1920. Boti hizo ni bapa, fupi kwenda juu, na huweza kubeba mashine ya nguvu za farasi 200 au zaidi, na mwinamo hubadilishwa kwa kitufe kilicho chini ya kidole gumba. Za kwetu ni za mbao, ndefu, zenye pua iliyochongoka, na mashine ya nguvu za farasi 15, 25 au 40, na mwinamo hubadilishwa kwa pini. Maji hayajui tofauti hiyo. Ila dereva wa Marekani akikosea anabonyeza kitufe na kurekebisha palepale, na nahodha wetu akikosea atabaki na kosa lake mpaka arudi nchi kavu. Kwa hiyo sisi ndio tunaohitaji kupatia kabla ya kuondoka.

Angalia mahali mashine inaposhikana na boti. Kuna vibao viwili vya chuma, kimoja kila upande, vyenye matundu yanayotazamana, kwa kawaida manne au matano. Fimbo imepita katika tundu moja kutoka kibao hiki hadi kile, na mguu wa mashine unaiegemea. Hiyo ndiyo pini. Ikiwa tundu la karibu na boti, mguu umeingia ndani na pua iko chini. Ikiwa tundu la mbali, mguu umetoka nje na pua iko juu. Kitabu cha Yamaha, mashine zilizojaa mialoni mwetu, kinasema kuhamisha pini tundu moja kunabadilisha mwinamo kwa kadiri ya nyuzi 4. Ni badiliko dogo kwa macho, lakini propela inaposukuma kwa nguvu zote nyuzi 4 zinatosha kuifanya boti nyingine kabisa.

Sasa kazi yenyewe, na hapa naomba usome taratibu.

Zima mashine. Sisemi weka nyutro, nasema izime, na uchomoe ile kamba ya kuzimia ili mtoto au mvuvi mwenye haraka asiivute kamba ya kuwashia huku mkono wako ukiwa ndani. Boti iwe imefungwa mahali penye utulivu, si kwenye mawimbi. Inua mashine mpaka juu, kisha uweke kile chuma au kitasa cha kuishikilia ikiwa imeinuka. Usiamini mkono wa mwenzako peke yake: mashine ya nguvu za farasi 40 ina uzito unaozidi wa mtu mzima mmoja, na ikiteleza inakata kama shoka. Ndipo uichomoe pini. Wakati wa kuichomoa na kuirudisha, vidole vikae kwenye ncha za pini, kwa nje, visiingie kamwe kati ya vibao na mguu wa mashine. Isukume katika tundu jipya mpaka itokee upande wa pili, na uhakikishe imepita tundu la namba ileile pande zote mbili. Nimeiona pini iliyopita tundu la pili kushoto na la tatu kulia. Mguu ulikuwa unaegemea upande mmoja na chuma kimeanza kulika. Kisha funga ncha ya pini kwa kifungo chake. Waya uliokatwa kutoka kwenye uzio si kifungo. Pini ikichomoka safarini, mashine inajiegemeza kwenye boti na pua inazama ghafla.

Shusha mashine kwa mikono miwili. Halafu kaza vile vishikizo viwili vya kuzungusha vinavyoibana mashine kwenye ubao. Hulegea vyenyewe kwa mtetemo, na mashine imewahi kung'oka na kuzama kwa sababu ya robo mzunguko iliyosahauliwa. Inayofungwa kwa bolti ni salama zaidi. Wanaoifunga kwa mnyororo kwa sababu ya wezi wana haki ya kufanya hivyo, ila mnyororo usipite palipo na pini wala usiizuie mashine kuinuka, kwani mguu ukigonga jiwe ni lazima uweze kuruka juu.

Uanzie tundu gani? Swali hili huulizwa sana, na jibu la "kama la jirani" ni baya. Simama pembeni mwa boti ikiwa nchi kavu. Juu kidogo ya propela kuna bamba bapa linalotokeza nyuma. Kazi yake ni kuizuia propela isivute hewa kutoka juu. Bamba hilo liwe sambamba na sakafu ya chini ya boti, kama mistari miwili ya reli. Tundu linalolifanya liwe hivyo ndilo la kuanzia.

Ukiwa hapohapo, pima na kimo. Bamba linapaswa kuwa usawa wa chini ya boti au kuteremka zaidi kwa kiasi kisichozidi milimita 25, yaani upana wa kidole gumba. Likiwa juu ya hapo, propela itakula hewa hata ukitumia tundu lipi. Likiwa chini sana, mguu unaburuzwa majini kama nanga. Mashine huuzwa za mguu mfupi, inchi 15, na mguu mrefu, inchi 20. Tajiri akinunua mguu mrefu kwa sababu ndio uliokuwepo dukani, akaufunga kwenye ubao wa mguu mfupi, pini haitamsaidia.

Kuna kosa jingine ambalo ni la fundi seremala. Mashine nyingi zimetengenezwa zikitegemea ubao wa nyuma uliolala kidogo, sehemu ya juu ikiwa imetokeza nyuma kuliko ya chini, kama nyuzi 12. Boti ikichongwa na ubao uliosimama wima, hata tundu la karibu kabisa linaiacha mashine imetoka nje, na pua itapaa kila siku. Mafundi hutibu hili kwa kabari ya mbao ngumu, nene juu na nyembamba chini, inayowekwa kati ya ubao na mashine, kisha mashine inafungwa kwa bolti ndefu zaidi. Ni kazi ya nusu siku. Nalisema hili kwa sababu kuna watu wamebadilisha mashine mbili na ubao wao ndio wenye ugonjwa.

Baada ya nchi kavu ni majini. Jaribio lifanyike asubuhi maji yakiwa yametulia, watu wawili au watatu tu, wote wamevaa jaketi okozi, na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa umesikilizwa. Ziwa Victoria lina tabia yake: usiku hewa ya nchi kavu inateremka kuelekea ziwani kutoka pande zote, inakutana huko katikati, na ndiyo maana radi na tufani hushambulia zaidi kati ya usiku wa manane na alfajiri. Mchana upepo unageuka, unatoka ziwani kuja nchi kavu, na alasiri mawimbi yamekua. Dirisha lako ni lile la katikati, jua likiwa limepanda kidogo na mawingu ya usiku yamekwisha.

Ongeza mafuta polepole. Usifungue yote kwa mkupuo mmoja. Mwinamo usioujua ni kama ng'ombe usiyemjua. Tazama pua. Wakati wa kuondoka itapanda kidogo kisha itashuka boti inapoanza kukaa juu ya maji. Ikikaa, pua ibaki imeinuka kidogo tu, nyuzi 3 hadi 5. Boti ikipanda na kushuka kwa mdundo, pua inapiga maji, inaruka, inapiga tena, mguu umetoka nje mno. Punguza mafuta kwanza, rudi nchi kavu, sogeza pini tundu moja ndani. Mashine ikipiga kelele ya juu ghafla huku boti ikipungua mwendo, hasa kwenye kona, propela inavuta hewa; dawa ni hiyohiyo, na kama haikutosha, angalia kimo.

Upande wa pili una dalili za ukimya zaidi, na kwa maoni yangu ni wa hatari zaidi. Mguu ukiingia ndani mno, boti haidundi, inalima. Pua inasukuma ukuta wa maji, wavuvi wa mbele wanalowa, mafuta yanakwisha, mkono wa mashine unakuwa mzito na kuvuta upande mmoja. Nahodha anazoea. Anasema ndivyo ilivyo. Kisha siku moja akiwa katika mwendo pua inashika maji kama jembe lililoshika kisiki, na boti nzima inageuka kwa pua yake. Aliyekuwa amesimama anaruka. Boti ikivuta upande au kulowesha watu maji yakiwa matulivu, usiizoee.

Hapa niongeze jambo kwa matajiri wanaodai kasi. Boti nzito ya mbao yenye urefu wa mita 9 majini, ikiwa imejaa na ina mashine ya nguvu za farasi 15, haipandi juu ya maji hata ukiifanyia nini. Inayapasua. Boti ya namna hiyo mwendo wake mwepesi unaishia kilomita 13 au 14 kwa saa, na ukilazimisha zaidi ya hapo inainua pua, inazamisha nyuma, na petroli inageuka mawimbi. Kwa boti hii usihangaike na tundu la nje. Weka bamba sambamba, acha hapo, na umfundishe nahodha kurudisha mafuta nyuma kidogo anapoona pua inapaa.

Na nguvu zilizoandikwa kwenye kofia ya mashine usizichukue zote. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya Tanga au Dar es Salaam, na mashine ya kawaida hupoteza takribani asilimia 3 ya nguvu kila unapopanda mita 300. Ile ya farasi 40 huku inafanya kazi kama ya 35 au 36. Kama kilichobaki ndicho hicho, kukipoteza kwa mwinamo mbaya ni kujionea. Mwulize fundi pia kuhusu propela: yenye mkunjo mdogo zaidi mara nyingi hulifaa ziwa letu kuliko ile iliyokuja na boksi, ambayo iliwekwa kwa kufikiria bahari.

Mzigo ndio unaoharibu hesabu zote hizi, na nataka nikae hapa kidogo. Pini ni moja, lakini safari ni mbili. Boti inaondoka mwaloni na barafu, nyavu, madumu ya mafuta na watu. Inarudi na samaki. Nyavu zikiwa nyuma wakati wa kwenda, pua ilikuwa juu. Samaki wakirundikwa mbele wakati wa kurudi, pua imeshuka bila mtu kugusa pini. Ongeza sasa upepo wa mchana. Kwenye mialo ya Geita na Chato, upepo ule unatoka ziwani kwenda nchi kavu, kwa hiyo boti inayochelewa kurudi inasukumwa na mawimbi kwa nyuma. Wimbi linainua sehemu ya nyuma, boti inateleza mteremko kama baiskeli, na pua iliyolemewa inaelekea moja kwa moja kwenye mgongo wa wimbi lililo mbele. Ikiingia, maji yanafunika. Boti iliyokwenda salama kwa miezi mingi inazama mita chache tu kutoka nyumbani, na watu wanasema ni bahati mbaya.

Pini iliyo tundu la ndani kabisa, samaki mbele, mawimbi nyuma: mambo haya matatu yasikutane. Kama mnajua mtarudi alasiri, mpangilio uamuliwe kabla ya kuondoka, pini ikiwa tundu linaloacha pua imeinuka kidogo, na samaki wapangwe katikati kuelekea nyuma, karibu na mkuku, wakizuiwa kwa mbao wasiteleze. Mawimbi yakiwa ya mbele ni kinyume chake: pua ikiwa juu mno inapigwa na upepo, boti inasimama kama farasi na kuanguka kwa kishindo. Hapo watu wawili wakisogea mbele na kukaa chini hufanya kazi ambayo pini haiwezi kufanya katikati ya ziwa. Nimesema wakae. Kusimama ndani ya boti inayoyumba kwa nia ya kuisawazisha ni kuongeza tatizo.

Kuna wakati nahodha anataka kuinua mashine kabisa: maji mafupi karibu na mwalo, nyavu zimeingia kwenye propela, au magugu maji yameukumbatia mguu. Kwa maji mafupi, mashine nyingi zina kishikio kinachoiruhusu ibaki imeinuka nusu huku ikifanya kazi. Kitumike kwa mwendo wa kutembea tu, matundu ya kunyonyea maji mguuni yabaki chini ya maji, na ule mchirizi unaotoka ubavuni mwa mashine uendelee kutoka. Mchirizi ukikatika, zima. Mashine bila maji ya kupoza inaungua kwa muda mfupi. Usipige rivasi ikiwa katika hali hiyo, maana mguu utaruka juu na propela itatoka nje ikizunguka. Hata katika hali ya kawaida, kabla ya rivasi hakikisha kile kitasa cha kuifunga mashine isiinuke kiko mahali pake.

Kwa nyavu na magugu hakuna mjadala: zima, chomoa kamba ya kuzimia, inua, funga, ndipo mkono uguse propela. Najua usiku, mvua inanyesha, boti inasukumwa kwenye mawe, na kuzima mashine kunaonekana kama kujimaliza. Kwa hiyo nanga iwe tayari muda wote, ishushwe kwanza. Propela inayozunguka haisubiri mtu amalize kujieleza.

Wenye boti za kisasa za nyuzi za kioo, zikiwemo zile ambazo serikali imekuwa ikizitoa kwa mkopo Kanda ya Ziwa, wanaweza kukuta mashine ina kitufe. Kitufe ni rahisi, na urahisi wake ndio unaowaponza watu. Wakati wa kuondoka shusha mguu ndani kabisa, boti ikishakaa juu ya maji utoe nje kwa kugusa, kusubiri, kugusa tena, mpaka sauti ya mashine ilegee na mkono wa usukani uwe mwepesi. Ikianza kudunda, rudisha kidogo. Kabla ya kona kali, rudisha ndani na punguza mafuta. Sehemu ya juu ya mwinuko, ile inayoitoa mashine majini, ni ya kupaki na kusafirisha, si ya mwendo. Betri ikifa, kuna skrubu pembeni inayofungua mafuta ya haidroliki ili uinue au ushushe kwa mkono; ikilegezwa mashine inaweza kuanguka yote mara moja, kwa hiyo ishikiliwe kabla ya bisibisi kugusa kitu.

Jambo dogo la mwisho kuhusu kuvuta upande. Chini ya lile bamba, nyuma ya propela, mashine nyingi zina kipezi kidogo cha chuma kilichoshikwa na bolti moja. Boti ikivuta kushoto, legeza bolti na uzungushe ncha ya nyuma ya kipezi kushoto kidogo, kisha ukaze na ujaribu. Ikivuta kulia, kulia. Kwenye mashine nyingi kipezi hicho ndicho pia kinacholiwa na kutu badala ya mguu, kwa hiyo usikipake rangi, na kikimalizika kibadilishwe.

Na ile kamba ya kuzimia, tafadhali ifungwe kwenye mkono au mguu wa nahodha, si kwenye mashine ikining'inia kama pambo. Marekani ilipitisha sheria iliyoanza kutumika Aprili 1, 2021, ikiwataka madereva wa boti zenye urefu wa chini ya futi 26 waunganishwe na kifaa cha kuzima mashine wakati wa mwendo. Sababu ni ileile iliyopo Nkome: nahodha akirushwa, mashine haizimiki, mkono wa mashine unalala upande mmoja, na boti inazunguka duara na kumrudia aliye majini, tena na tena. Mwinamo mbaya ndio unaomrusha. Kamba ndiyo inayoisimamisha propela kabla haijarudi.

Wewe uliyebaki Ushetu huwezi kuishika pini ukiwa Nyamilangano. Unaweza kupiga simu. Muulize nahodha wako leo jioni pini iko tundu la ngapi, bamba liko usawa gani na chini ya boti, kamba ya kuzimia iko wapi anapokuwa safarini, na samaki wa jana walipangwa mbele au nyuma. Kama hajui, usimfokee; huenda hakuna aliyewahi kumwonyesha. Mpe siku moja ya kutokwenda kazini na nauli ya fundi, waifanye kazi hiyo boti ikiwa imefungwa na mashine imezimwa. Kuhamisha pini hakuzidi dakika 10.